Trekta Lisilochaji Bateri: Somo kwa Wakulima wa Katanika

Mwezi wa kumi, mvua za kwanza zinapoanza huku kwetu Katanika, kila mwenye shamba ataka kulima upesi ili mahindi yapate maji ya kutosha. Trekta laitwa huku na huku, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndipo asubuhi moja dereva azungusha ufunguo, asikia mlio mdogo tu, kisha kimya. Vijana waitwa kusukuma. Siku ya pili ni vivyo hivyo. Siku ya tatu watu wasema: «Bateri imekufa, tuchange fedha tununue nyingine.»

Nataka tulichunguze neno hilo leo, maana limekula fedha nyingi za wakulima. Mimi mwenyewe, monitere wenu, nimelisema siku moja kwa ujinga, na watu walionisikiliza walipata hasara. Nitaeleza habari hiyo mbele kidogo.

Kwanza fahamuni kwa nini ugonjwa huu hujificha. Mota ya gari la petroli yataka umeme kila dakika ili kuwasha moto ndani yake. Umeme ukiisha, gari lasimama njiani, na dereva ajua mara moja. Trekta letu la mazutu si hivyo. Mazutu huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na mota ya kizamani ikiisha kuamka haihitaji umeme tena. Italima tangu asubuhi hata jioni bila kuchaji hata kidogo, na dereva hataona kasoro yo yote. Ataiona kesho yake alfajiri, wakati wa kuamsha. Kwa hiyo twailaumu bateri, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kushindwa.

Lakini bateri ni mtungi, si kisima. Haitengenezi umeme wa kututosha; huweka tu ule ilioletewa. Kisima ni altaneta, ambayo mafundi wetu waliosoma Kifaransa huiita alternateri. Mkanda wa feni huizungusha, nayo hutoa umeme, na waya mnene huupeleka mpaka kwenye bateri. Kisha umeme hurudi kwa njia ya pili, yaani kwa mwili wenyewe wa trekta: chuma cha mota, mabano, bolti, na waya wa ardhi uliofungwa kwenye bateri. Njia hii ya pili watu huisahau, kwa sababu haina rangi wala haifanani na waya.

Tazameni mji wa Kalemie. Umeme wake watoka Bendera, kwenye mashine zinazozungushwa na maji ya mto Kyimbi, nao husafiri njia ndefu kwa nyaya. Waya ukikatika njiani, mashine za Bendera zaweza kuwa zazunguka vizuri, na taa za nyumbani zenu ni mpya, lakini mji utakaa gizani. Je, mtanunua taa nyingine? Hapana. Mtaifuata njia. Basi trekta nalo ni hivyo hivyo.

KUTAZAMA KWA MACHO NA MIKONO

Zima mota. Vua pete na saa ya chuma, maana chuma kikigusa kichwa cha jumlisha cha bateri na mwili wa trekta kwa pamoja, kitakuwa chekundu kwa moto na kukata kidole. Usivute sigara karibu na bateri, wala usiilike kwa kiberiti ili kuona maji: hewa inayotoka ndani yake hulipuka. Maji yake ni asidi. Yakikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha nenda kwa mganga wa hospitali bila kungoja.

Sasa shika mkanda. Sukuma kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, pale palipo parefu. Ukiingia kadiri ya milimita 10 au 12, ni vema. Ukilegea zaidi, wateleza juu ya puli, na altaneta haizunguki kwa kasi yake. Ukikazwa mno, utaharibu beringi za altaneta na za pampu ya maji. Tena geuza mkanda uone upande wa ndani: ukiwa unang'aa kama kioo au una nyufa, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo.

Tazama vichwa vya bateri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua, kwanza waya wa upande uliofungwa kwenye mwili wa trekta, na wakati wa kurudisha uufunge huo mwisho. Osha kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuacha magadi yaingie ndani ya bateri. Sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Kaza, kisha paka grisi juu. Jaribu kuzungusha waya kwa mkono: ukizunguka, haujakazwa.

Bateri yenye vizibo, tazama maji yake. Yafunike sahani za ndani. Yakipungua, ongeza maji ya bateri yanayouzwa dukani. Kwa kukosa hayo, maji ya mvua yaliyokingwa wazi katika chombo safi cha plastiki, si yale yaliyopita juu ya bati. Lakini maji ya ziwa, hapana! Ziwa letu Tanganyika ni zuri kwa ndagala, ila maji yake yana chumvi nyingi zilizoyeyuka, na chumvi hizo huua bateri. Wala usiongeze asidi ukidhani unaipa nguvu.

KUPIMA

Macho hayatoshi. Nunueni kipimo cha umeme, kile kiitwacho multimita. Kipimo kidogo cha sokoni bei yake ni ndogo sana kuliko bateri moja, na kundi la wakulima kumi waweza kuwa na kimoja. Kiweke kwenye volti za bateri, kipimo cha 20. Waya mwekundu kwenye jumlisha, mweusi kwenye kutoa.

Pima asubuhi kabla ya kuamsha mota, trekta likiwa limelala usiku kucha. Bateri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikionyesha 12.0, ni kama robo. Chini ya 11.8 ni tupu. Kisha mwenzako aamshe mota nawe ukitazama kipimo. Ikiwa bateri ilikuwa imejaa, nayo yashuka chini ya volti 9.6 wakati wa kuamsha, hapo waweza kuilaumu yenyewe. Lakini ikiwa ilikuwa tupu, usiihukumu bado. Mtu mwenye njaa hapimwi nguvu.

Sasa mota iamke na izunguke kwa kasi ya kati. Pima tena kwenye vichwa vile vile vya bateri. Altaneta nzima hupandisha bateri mpaka kati ya 13.8 na 14.4, na nyingine hufika 14.7. Ikiwa bateri ilikuwa tupu, ngojea kidogo, itapanda polepole. Ikikaa chini ya 13, haichaji. Ikipita 15, yachaji kupita kiasi: regileta, yaani chombo kinachozuia nguvu isizidi, kimeharibika, na bateri itachemka na kukaushwa maji yake. Hilo nalo ni ugonjwa, ingawa wengine hufurahi wakiona taa zinawaka kama jua.

Katika kupima huku jihadharini na mkanda na feni. Kitenge, kitambaa cha kichwa, mkono wa shati uliolegea, vyote hukamatwa. Watoto wafukuzwe mbali.

HABARI YA TREKTA LILILOPAKWA RANGI

Hapa ndipo nitakapoungama. Kundi moja la wakulima si mbali na hapa lina trekta la zamani la Massey Ferguson. Walilipenda sana, hata mwaka mmoja, kabla ya kulima, walilifungua, wakalipaka rangi nyekundu mpya, mota na mabano na bolti zote, likapendeza kama bibi arusi. Baada ya majuma machache bateri ikaanza kufa kila asubuhi. Wakaniita. Nikatazama, nikapima bateri, nikaona 11.7, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye elimu: «Hii imekwisha. Nunueni nyingine.» Wakauza magunia ya mahindi waliyoyaweka kwa miezi ya njaa, wakanunua. Bateri mpya ikaingia kwa meli kutoka Kigoma. Ilikaa muda mfupi tu, ikafa nayo. Mvua zilikuwa zimekwisha shika, na nusu ya shamba ilikuwa haijaguswa. Mama mmoja wa kundi hilo akaniuliza mbele ya watu wote: «Monitere, na hii nayo imekwisha? Tuuze nini sasa?» Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya umeme miaka mingi katika treni. Alikuja na kipimo chake, akaketi juu ya gurudumu, akaniambia: «Mwanangu, ulipima wapi?» Nikasema: «Kwenye bateri, baba.» Akasema: «Na altaneta je? Umeiuliza?»

Tukaamsha mota kwa kuvutwa na gari. Akawasha taa zote ili umeme utumike. Akapima kwenye altaneta yenyewe, waya mwekundu kwenye msumari wake mnene wa kutolea umeme, mweusi kwenye mwili wake wa chuma. Kipimo kikasema 14.2. Altaneta ilikuwa nzima kabisa! Akapima kwenye vichwa vya bateri: 12.6. Volti 1.6 zilikuwa zimepotea njiani.

Ndipo akanifundisha kipimo ambacho sitakisahau, nanyi msikisahau. Mota ikizunguka na taa zikiwaka, weka waya mmoja wa kipimo kwenye msumari mnene wa altaneta, na mwingine kwenye kichwa cha jumlisha cha bateri. Unapima njia ya kwenda. Njia njema huonyesha karibu na sifuri, ikipita 0.3, waya au kiungo fulani kina kutu au kimelegea. Pale tuliona 0.1. Njia ya kwenda ilikuwa safi. Kisha waya mmoja kwenye mwili wa altaneta, na mwingine kwenye kichwa cha kutoa cha bateri. Hii ndiyo njia ya kurudi. Haipasi kupita 0.2. Sisi tuliona 1.5.

Ilikuwa ni ile rangi nzuri. Mabano ya altaneta yalikuwa yamepakwa rangi pande zote, yakafungwa juu ya rangi nyingine. Mwanzoni meno ya bolti yalipitisha umeme kidogo, baadaye unyevu wa ziwa ukaleta kutu, na njia ikazibwa. Tena sikilizeni jambo hili, maana ndilo gumu. Regileta ya altaneta ile imo ndani yake, nayo hupima umeme pale pale ilipo. Ilipoona 14.2 ikadhani kazi imekwisha, ikapunguza nguvu, wala haikujua kwamba bateri kule imepata 12.6 tu. Bateri inayokaa nusu tupu siku nyingi, sahani zake za risasi hufunikwa na chumvi ngumu isiyoyeyuka tena, ikafa kweli. Kwa hiyo bateri ya kwanza haikuwa mwanzo wa ugonjwa. Iliuawa na ugonjwa. Na ya pili nami nilisaidia kuiua.

Dawa yake ilikuwa nini? Msasa. Tulifungua mabano, tukasugua mahali pa kukutania mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi kwa nje. Mzee akaongeza waya mmoja, unene wa milimita mraba 6, toka mwili wa altaneta mpaka kwenye kichwa cha kutoa cha bateri. Tukapima tena: 0.1 kule, 0.1 huku, na bateri 14.0. Alikataa malipo, akachukua kuku mmoja.

IKIWA ALTANETA YENYEWE HAITOI

Ukipima kwenye altaneta yenyewe ukaona 12.5 au chini yake, na mkanda ni mzima, basi kisima hakitoi maji. Hata hapo usikimbilie kununua. Uliza kwanza taa ndogo nyekundu ya mbele ya dereva.

Matrekta mengi ya zamani yana taa hiyo, na watu wengi hudhani ni ya kuonya tu. Sivyo. Ukifungua ufunguo kabla ya kuamsha, umeme wa bateri hupita katika taa hiyo ukaingia ndani ya altaneta na kuifanya sumaku. Bila sumaku hiyo ya kwanza, altaneta yaweza kuzunguka siku nzima bure. Taa ikiwa imeungua, altaneta haiamki! Taa ya bei ya mkate mmoja yaweza kulilaza trekta zima.

Basi fungua ufunguo, mota ikiwa imezimwa. Taa haiwaki? Badilisha taa, tazama fyuzi, fuata waya wake mwembamba mpaka nyuma ya altaneta. Taa yawaka, na mota ikiamka haizimiki hata ukiongeza kasi? Altaneta haitoi. Taa yazimika lakini yabaki na mwanga hafifu kama kaa la moto usiku? Mara nyingi ni diodi moja iliyovunjika, au kiungo kibaya. Diodi ni milango ya ndani inayouruhusu umeme kupita upande mmoja tu.

Asiye na kipimo anaweza kufanya hivi: mota imezimwa, ufunguo umefunguliwa, agusishe bisibisi ya chuma kwenye nati ya puli ya altaneta. Ikivutwa, sumaku ipo. Isipovutwa, na taa inawaka, fundi atazame ndani. Isipovutwa, na taa haiwaki, ni taa, waya, au yale makaa madogo ya kaboni yanayogusa ndani. Makaa huisha kwa kusuguliwa, huuzwa peke yake, na fundi mwenye mikono mizuri huyabadilisha kwa nusu saa. Usiache ufunguo wazi muda mrefu baada ya jaribio, utaimaliza bateri.

Jaribio jingine la usiku: washa taa za mbele mota ikizunguka polepole, kisha ongeza kasi. Mwanga ukizidi kuwa mweupe, inachaji. Ukibaki ule ule wa manjano, haichaji.

UMEME UNAOVUJA USIKU

Yako matrekta yanayochaji vizuri mchana, nayo yaamka tupu. Zima vyote, toa ufunguo. Fungua waya wa kichwa cha kutoa cha bateri, weka taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili kati ya waya ule na kichwa chake. Taa ikiwaka, umeme unavuja. Chomoa nyaya za altaneta, moja moja, ukizuia ncha isiguse chuma. Taa ikizimika, diodi za altaneta ndizo mwizi. Ikiendelea kuwaka, endelea kutafuta kwenye swichi za taa, honi, na zile nyaya zilizoongezwa na vijana ili kuchaji simu. Nimeziona nyingi, zimefungwa kwa uzi.

MAMBO YA KUKATAZWA

Wako madereva wanaofungua waya wa bateri mota ikizunguka, ili waone kama mota itazima. Walijifunza hivyo kwa wazee wa zamani za dinamo. Msifanye hivyo kabisa kwenye altaneta! Umeme ukikosa mahali pa kwenda hupanda ghafula, ukaunguza diodi na regileta kwa mara moja. Kadhalika kugeuza nyaya za bateri, hata kwa kugusisha tu. Jihadharini, maana matrekta kadhaa ya kale ya Uingereza yalitengenezwa kichwa cha jumlisha kikiwa kimefungwa kwenye mwili wa trekta. Soma alama kabla ya kufunga. Na mtu akitaka kuchomelea chuma cha trekta, kwanza afungue nyaya za bateri na za altaneta.

Wenye dinamo wasinielewe vibaya. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964, huonekana la namna mbili: yale ya mwanzo yana dinamo ya Lucas na kisanduku cha regileta pembeni, ya baadaye yana altaneta. Dinamo haichaji mota ikizunguka polepole, na hiyo si kasoro. Pima kwa kasi. Mkanda, viungo na kutu ni vile vile.

Jambo la mwisho ni hili. Ukiisha kurekebisha, usiifunge bateri tupu ukaiachia altaneta ya zamani kuijaza. Altaneta itafanya kazi kwa nguvu zote saa nyingi katika joto la shambani, na yaweza kuungua. Ijaze kwanza polepole kwa chaja ya mjini, au kwa sahani ya jua yenye kidhibiti chake. Sahani ya wati 100 katika jua zuri hutoa kadiri ya ampea 5, basi hesabu siku kadhaa kwa bateri kubwa. Ikijaa, iache usiku kucha bila kuifunga, na asubuhi pima. Ikiwa 12.6, ifunge ukalime. Ikiwa imeshuka peke yake mpaka 12.0, wala hakuna waya ulioigusa, hapo, na hapo tu, nami nitasema nunueni nyingine.